Maswali kwa Shangazi: Niliokoa kikundi, sasa ninakula fedha zake

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza mchele hapa Kihonda, Morogoro, na ni mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA. Miaka minne iliyopita mwenyekiti na katibu wa wakati ule waliniletea fomu ya mkopo yenye jina la mwanachama aliyekuwa amehamia Dodoma. Walitaka niweke saini kama mdhamini, halafu fedha tugawane watatu. Nilikataa. Walinibembeleza, wakanitisha, nikakataa. Kikao kilichofuata nilisimama nikasema mbele ya wote. Wakaondolewa, na akina mama wakanikabidhi mimi leja. Mpaka leo kila mwanachama mpya akiingia husimuliwa habari hiyo.*

*Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Lakini tangu mwaka jana wengi wanarejesha mikopo kwa simu, na namba inayopokea ni yangu. Hapo ndipo nilipoanzia. Nilichukua 40,000 nikaongezea kwenye gunia la mchele, Alhamisi nikarudisha. Baadaye nikachukua 150,000, nikarudisha 100,000. Leo nikipiga hesabu nimefika 620,000, na ili leja ikubali nimeandika kwamba wenzangu wawili hawajamaliza marejesho, wakati wamemaliza. Hakuna anayekagua. Wanasema kwa huyu hakuna haja. Mgao wetu ni Desemba.*

*Siku ile ya 150,000 nilijisikia nasema peke yangu dukani, "Bila mimi kikundi hiki kingekuwa kimeshakufa." Na kweli sikuona kama naiba. Kwangu wezi walikuwa wale wawili. Jambo jingine, zamani nilikuwa mkali wa faini, siku hizi mtu akichelewa nasema mwacheni, maisha magumu. Shangazi, uaminifu wangu wa siku ile ulikuwa wa uongo? Na nifanyeje?*

*Mweka hazina, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la kwanza, maana la pili linalitegemea.

Uaminifu wako wa siku ile haukuwa wa uongo. Fomu ilikuwa mezani, viongozi wawili wamekukazia macho, fungu lako limeshatajwa, ukakataa, na ukawa na moyo wa kusimama kikaoni. Hilo limetendeka. Haya ya sasa hayalifuti. Lakini pia halikukupa kinga, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani aliyeshinda jaribu kubwa ameshamaliza majaribu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata mpaka nikastaafu, nimezungukia vikundi vya kila namna, na fedha nyingi nilizoona zikipotea zilipotea mikononi mwa watu ambao kikundi kiliwaamini, tena kwa sababu nzuri kabisa. Mwizi anayejulikana hapewi leja.

Sasa tazama sentensi zako mbili za dukani. Umeziandika pamoja kana kwamba ni jambo moja, lakini ni mawili.

Ya kwanza, "bila mimi kikundi hiki kingekufa". Hiyo ni lugha ya anayedai. Wema wako wa miaka minne iliyopita umeuhesabu kama akiba, na sasa unautoa kidogo kidogo. Ya pili, "sikuona kama naiba". Hapa hudai chochote. Hapa ule wema umebadilisha unachokiona. Umeshajijua kuwa wewe ndiye uliyewakataa wezi, kwa hiyo mkono wako ukiingia kwenye fedha za watu, lazima kitu hicho kiwe na jina lingine: kuazima, kuzungusha, kujisogeza mpaka Alhamisi. Mimi naiogopa zaidi hii ya pili. Anayesema "nastahili" bado anajua kuna kitu anachukua. Asiyeona hana pa kushtukia.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Benoît Monin na Dale Miller, walitoa ripoti ya majaribio yanayofanana sana na hali yako. Kwanza waliwapa baadhi ya wanafunzi nafasi ya kupinga kauli za kuwadharau wanawake. Wakazipinga. Kisha wakawauliza kuhusu kazi ya aina ambayo watu wamezoea kuiona ya kiume: inamfaa mtu yeyote, au inamfaa zaidi mwanamume? Waliokwisha kupata nafasi ya kuonyesha kwamba hawadharau wanawake ndio waliokuwa wepesi zaidi kusema inamfaa mwanamume. Walikuwa wameshajipa cheti. Mtu mwenye cheti hajichunguzi tena.

Hiyo inaeleza zile 40,000. Safari ya kutoka 40,000 mpaka 620,000 ina maelezo mengine. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram alianza kuwaita watu wa kawaida na kuwaketisha mbele ya mashine yenye swichi 30, ya kwanza volti 15, ya mwisho volti 450. Kazi yao ilikuwa kumpiga shoti mtu wa chumba cha pili kila anapokosea jibu, na kila kosa shoti inapanda. Shoti zilikuwa za kuigiza, wao hawakujua. Katika jaribio lake la kwanza kuchapishwa, watu 26 kati ya 40 walifika swichi ya mwisho. Watu hulisimulia kama habari ya kutii wakubwa, na ni kweli. Ila mimi jicho langu huenda kwenye zile volti 15. Kila hatua ilizidi iliyotangulia kwa kiasi hicho tu. Aliyekwisha kubonyeza ya 150, akitaka kuikataa ya 165, inambidi kwanza ajihukumu kwa ile aliyobonyeza sasa hivi. Na wewe, ili ujikatalie zile 150,000, ilibidi ukiri kwamba 40,000 ya wiki zile, hata kama uliirudisha, haikuwa yako kuigusa. Ilikuwa rahisi kuchukua kuliko kukiri.

Na hili la faini umelitaja kama nyongeza, kumbe ndilo lililonifanya nikuamini kwamba unajitazama kwa dhati. Mtafiti mmoja wa Marekani, Judson Mills, aliwahi kuwapa watoto wa darasa la sita mashindano ambayo ilikuwa rahisi kudanganya, na aliwauliza maoni yao kuhusu udanganyifu kabla na baada. Utafiti huo ni wa 1958. Waliodanganya wakawa wapole kwa wadanganyifu. Walioshawishika lakini wakajizuia wakawa wakali kuliko walivyokuwa. Kwa hiyo ukali wako wa faini ulizaliwa na lile "hapana" uliloliambia uongozi, na upole wako wa leo umezaliwa na zile fedha. Yule mama anayechelewa ukasema aachwe, hukumhurumia yeye.

Sikwambii haya upate pa kujificha. Mwaka 2015 Irene Blanken na wenzake wa Uholanzi walikusanya tafiti 91 za jambo hili la wema kumlegeza mtu, wakakuta kwamba lipo lakini nguvu yake si kubwa. Yaani liliusukuma mkono wako kidogo. Sehemu iliyobaki ulisukuma mwenyewe, na sehemu nyingine kikundi chako kimeisukuma.

Ndiyo, kikundi, na hapa nina ugomvi nacho. Paul Conway na Johanna Peetz, katika utafiti wao wa 2012, waliona kwamba mtu akikumbuka jema alilotenda siku za karibuni huelekea kulegea, kana kwamba zamu yake imekwisha. Akikumbuka jema la zamani, huelekea kuendelea kutenda vile, kwa sababu la zamani limeshakuwa sehemu ya anavyojijua. Lako lina miaka minne. Lilitakiwa liwe limezama ndani yako. Lakini kila mgeni akija linasimuliwa upya, wewe umekaa pale na leja mapajani, kila mara ni kama lilitendeka jana. Kisha, kwa sifa zile zile, wakaacha kukagua. Hapa nasema kwa kila kikundi kinachosoma ukurasa huu. Kuhesabu mbele ya wote, kutaja kiasi kwa sauti, watu watatu kushika funguo, hayo hayakuwekwa kwa ajili ya wezi. Yaliwekwa ili mtu mwaminifu asiachwe peke yake na fedha za watu. Mnapomwambia mweka hazina "kwa wewe hakuna haja", mmemwondolea kitu ambacho alikuwa anakihitaji kama ninyi.

Tuje kwenye la kufanya.

Najua unachokipanga, maana wengi hukipanga: kuuza mchele kwa nguvu, kurudisha kimya kimya kabla ya Desemba, kurekebisha leja, na kubaki na siri. Usifanye hivyo. Kwanza, wale wenzako wawili wameandikwa wadaiwa leo, si Desemba. Mmoja akiomba mkopo kesho wa ada au wa matibabu atanyimwa kwa ajili ya kalamu yako. Hilo haliwezi kusubiri gunia liishe. Pili, siku utakayorudisha shilingi ya mwisho utajisikia mwepesi, umetakasika, na ile simu bado itakuwa mkononi mwako, inapokea. Utakuwa na jema jipya la kujivunia. Umeshaona ulichofanya na la zamani.

Wiki hii nenda kwa mwenyekiti na washika funguo. Chukua taarifa ya miamala ya simu yako, yote, usichague. Taja kiasi, taja tarehe unazozijua, taja majina ya wale wawili na kiasi ulichowaandikia kwa uongo. Kisha omba kikao kiitishwe, useme tena kwa mdomo wako. Ile fomu ya Dodoma usiitaje hata kidogo. Anayetaka kuikumbuka ataikumbuka mwenyewe. Ukiitaja wewe utakuwa bado unadai.

Achia uweka hazina siku hiyo hiyo, usisubiri kuondolewa. Pendekeza mwenyewe deni likatwe kwenye hisa zako wakati wa mgao, na kama hazitoshi, kinachobaki kiandikwe kwa maandishi chenye tarehe za kulipa, pamoja na faini ya katiba yenu. Marejesho ya simu yaondoke kwenye namba ya mtu. Siku hizi kuna akaunti za kikundi za kwenye simu ambazo fedha haitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja waidhinishe. Na kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi kama chenu katika daraja la nne, msione haya kumwita afisa maendeleo ya jamii wa kata akae kwenye kikao hicho. Nimekaa kwenye vikao kama hivyo. Vinauma, lakini vikiwa na mtu wa nje huwa na utaratibu zaidi.

Siwezi kukuahidi kwamba hawatakwenda polisi. Siwezi kukuahidi kwamba watakusalimia sokoni. Ninachokijua ni kwamba kusema kikaoni si kitu kigeni kwako. Uliwahi kusimama mbele ya akina mama hao hao ukiwa na hofu, ukasema jambo lililokuwa kweli. Mwili wako unajua namna linavyofanywa. Kwa matumizi hayo peke yake nakuruhusu kuikumbuka siku ile.

*Shangazi, habari yako. Mimi ni mzee wa miaka 63, natoka Nyamira, Kenya. Nikiwa kijana nilikuwa karani wa kupima majani chai kwenye kituo cha kununulia. Kila mkulima nilimkata nusu kilo, wakati mwingine kilo nzima, nikaziandika kwa jina la shemeji yangu. Nilifanya hivyo miaka mingi. Niliacha, nikaokoka, sasa ni mzee wa kanisa. Harambee yoyote mimi ni wa kwanza kutoa. Nikitoa, moyo hutulia wiki mbili tatu, halafu yale mambo yanarudi. Je, ninatoa kidogo?*

*Mzee wa kanisa, Nyamira*

Njema, kaka yangu. Hutoi kidogo. Unawapa wasiokudai.

Dhambi ya zamani humfanya mtu awe mkarimu, hilo si geni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 2009 waliwaambia watu waandike habari zao wenyewe, wengine kwa maneno mazuri, wengine kwa maneno ya aibu, kisha wakawaomba mchango. Walioandika ya aibu walitoa wastani wa dola 5.30, walioandika mazuri dola 1.07. Wengine waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo hayo, kwa hiyo silishikilii sana. Nashikilia hizo wiki zako mbili tatu. Umenieleza mwenyewe kwamba unatoa ili utulie, unatulia, na inaisha.

Wewe ni mzee wa kanisa, umeshamsikia Zakayo mara nyingi kuliko mimi. Fungua tena Luka 19. Mtoza ushuru yule alisema mambo mawili, na hakuyachanganya: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakusema maskini watapokea kwa niaba ya waliodhulumiwa. Wewe miaka yote hii umekuwa ukifanya la kwanza.

Wakulima wako hawakuwa umati usio na majina. Ulikuwa unaandika jina la kila mmoja na kilo zake, tena kwa mkono wako. Wengine bado wanachuma chai kwenye vilima hivyo hivyo. Kaa chini uandike unaowakumbuka. Zungumza na mchungaji wako kabla hujatoka, maana habari itasambaa na si vizuri kanisa liisikie njiani. Zungumza na shemeji pia, alikula nawe. Halafu anza na aliye mzee kuliko wote, kwa sababu ya umri wake. Nenda kwake nyumbani, mwambie ulichofanya, mwambie kiasi unachokadiria, mpe. Kwa waliofariki kuna watoto wao. Wengine watakusamehe kabla hujamaliza kusema, na fedha wapokee vilevile, usizirudishe mfukoni. Wengine watakufukuza. Ni haki yao, na usiende kuwalipizia kwa kutoa mara mbili kwenye harambee ya Jumapili.

Ikiwa ukifika mwisho wa orodha bado unataka kuchangia kanisa, changia.

*Asalamu alaykum Shangazi. Mwanangu wa miaka minane aliokota simu kwenye daladala, akanipa tukamtafuta mwenyewe. Mwenye simu akampa elfu ishirini, na mtaa mzima ukamsifu. Tangu hapo nikimkamata na uongo wa chuoni, au amechukua sarafu kabatini, ananijibu, "Kwani si mimi niliyerudisha simu?" Nimemkosea wapi?*

*Mama, Michenzani, Unguja*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Hukumkosea, na sifa si sumu. Mwaka 1980 Joan Grusec na Erica Redler walichapisha utafiti juu ya watoto waliokuwa wamegawa gololi zao kwa watoto maskini. Watoto wa miaka minane walioambiwa kwamba wao ni watu wanaopenda kusaidia waligawa zaidi baadaye kuliko walioambiwa tu kwamba walichofanya ni kizuri. Umri wa mwanao hasa. Kwa hiyo mwambie alivyo: kwamba anamjali mtu aliyepotelewa. Mwambie mkiwa wawili, bila wageni.

Habari ya simu acheni kuisimulia barazani. Ikisimuliwa mbele ya watu inakuwa yake ya kujitetea nayo, na ameshajua kuitumia. Akiileta tena, usibishane naye, maana ni kweli aliirudisha. Mwambie, "Ndiyo, uliirudisha, kwa sababu ilikuwa ya mtu. Na sarafu hizi za nani?" Halafu ngoja ajibu, hata kama atachelewa. Azirudishe kabatini kwa mkono wake.

Ile elfu ishirini usimnyang'anye kumwadhibu. Alipewa, ni yake.